Sufuria ya Watu Kumi na Mmoja, Chakula cha Watatu

Kwa miaka sita nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, ililala watu kumi na mmoja. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwaka haukuisha ndugu wakaanza kupiga simu. Alitangulia mpwa wangu kutafuta vibarua vya ujenzi, akamfuata mdogo wake, halafu wifi yangu na watoto wawili wakati mumewe akihangaika kupata nyumba ya kupanga. Sikuona taabu kuwapokea, maana mimi mwenyewe nimesoma nikilala kwa shangazi. Nilienda soko la Majengo nikanunua sufuria kubwa, nikazoea kupika kwa kilo. Unga kilo mbili na nusu kwa ugali wa jioni moja lilikuwa jambo la kawaida.

Kisha nyumba ikaanza kupungua. Mmoja akapanga Nzuguni, mwingine akaoa, wanangu wakubwa wawili wakaenda chuo. Leo tumebaki watatu: mimi, mume wangu na binti yetu wa mwisho aliye kidato cha pili. Nilichukua vipimo vyangu vya zamani nikavigawa kwa nne, nikaamini kazi imekwisha. Wiki tatu nzima tulikula wali wenye kiini, mchuzi wa chumvi na maharage yaliyoshika chini. Na bado nilikuwa napika kingi, kwa sababu mkono ukishazoea kuchota, hauachi kwa siku moja.

Siku iliyonifundisha ilikuwa ya mwezi wa kumi, joto la Dodoma likiwa kali hata usiku. Asubuhi nilifunua sufuria ya maharage ya jana nikakuta povu jeupe juu na harufu ya uchachu. Ilikuwa nusu ya sufuria. Nilikwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba, na moyo uliniuma kwelikweli. Nimekulia Kongwa. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na ikikata mapema kila nyumba inajua. Mtoto wa kwetu hafundishwi kumwaga chakula.

Ndipo nikaanza kupima upya, jioni moja baada ya nyingine, kwa kikombe na daftari. Nililogundua ni kwamba unga na mchele vinafuata watu, lakini maji na mafuta vinafuata sufuria.

Chukua wali. Kwa mchele vikombe vinane, mimi nilikuwa naweka maji vikombe kumi na mbili na unaiva vizuri. Kwa hesabu hiyo, mchele vikombe viwili ungetaka maji matatu. Jaribu, utakula mchele mgumu. Mchele wenyewe unanyonya kiasi kilekile, ila kuna maji yanayoondoka kwa mvuke, na hayo hayajali umepika kilo ngapi. Yanategemea upana wa sufuria na muda wa kukaa motoni. Katika sufuria iliyojaa, mvuke ni sehemu ndogo ya maji yote, lakini penye chakula kidogo unakuwa sehemu kubwa. Kwa hiyo siku hizi vikombe viwili vya mchele navipa maji vikombe vinne kasorobo. Nafunika vizuri, moto napunguza mara maji yakishuka usawa wa mchele. Mchele mpya hunywa kidogo kuliko wa zamani, kwa hiyo mfuko ukibadilika napima tena.

Mafuta ndivyo hivyo hivyo. Ukikaanga kitunguu kimoja kwenye sufuria pana, mafuta yanatawanyika, kitunguu kinaungua pembeni, unaongeza mafuta, mwisho mchuzi unaelea. Dawa si mafuta zaidi, ni sufuria ndogo. Kama fedha ni ya kununua kitu kimoja tu jikoni baada ya nyumba kupungua, nunua sufuria ya lita mbili yenye kitako kizito na mfuniko unaokaa. Kwangu imeokoa chakula kuliko kitu kingine chochote.

Chumvi nayo nimeiwekea sharti: natia nusu ya ninayodhani inatosha, namalizia mchuzi ukishapungua. Mchuzi mdogo hukauka haraka, na chumvi haikauki nao.

Kwenye ugali nahesabu watu na siyo sufuria. Mtu mzima namhesabia kikombe kimoja cha unga wa sembe kilichosawazishwa juu, na maji kikombe kimoja na nusu. Dona inataka maji zaidi kidogo, kwa hiyo birika la maji ya moto lazima liwe pembeni. Binti yangu anakula nusu ya baba yake siku za kawaida, ila siku za michezo shuleni anampita, basi nauliza kabla ya kuchemsha maji. Swali hilo dogo, "leo una njaa ya kiasi gani?", limepunguza kiporo kuliko kipimo chochote.

Mume wangu anapenda ugali wa uwele, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Unga wa uwele haukai. Punje ya uwele ina mafuta mengi ya asili, na ikishasagwa unga unaanza kuwa na harufu na uchungu baada ya muda mfupi, hasa msimu wa joto. Tulipokuwa wengi nilisaga debe na likaisha kabla halijaharibika. Nilipoendelea kusaga debe kwa watu watatu, nusu yake ilikuwa chungu. Sasa naweka uwele wa punje ndani ya ndoo yenye mfuniko, napeleka mashineni kilo tatu tatu. Karanga nazo natwanga za siku mbili tu. Mahindi sinunui tena gunia peke yangu: mimi na jirani tunachangia gunia moja la kutoka Kibaigwa, tunagawana nusu kwa nusu, na wadudu hawapati muda wa kutuwahi.

Maharage ni habari ndefu, maana ndiyo mboga yetu ya siku nyingi.

Waliohamia hapa kutoka Dar huniambia maharage ya Dodoma hayaivi. Maharage hayana kosa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwenye joto dogo. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, huku kwetu ni kama 96. Ukiona yanatokota usidhani yana moto uleule wa Dar. Maharage ya Dodoma yanataka muda, na kwa anayetumia gesi, muda ni fedha.

Na hapa ndipo nilipokuwa nakosea zaidi. Nilidhani watu watatu wanahitaji kuchemshiwa maharage kidogo kila mara. Lakini kikombe kimoja cha maharage kinachukua saa zilezile zinazochukuliwa na kilo moja. Moto haupungui kwa sababu watu wamepungua. Kwa hiyo chakula kinachokaa motoni sana ndicho cha kuendelea kupika kwa wingi, na cha dakika kumi na tano ndicho cha kupika kidogo, kila jioni, kwa watu waliopo.

Ijumaa usiku naloweka kilo moja ya maharage. Jumamosi namwaga maji yale, natia mapya, nabandika kwenye jiko la mkaa na kuyaacha yaive kabisa bila chumvi. Yakipoa kidogo nayagawa kwenye vikopo vya plastiki, kila kimoja mlo mmoja wa watatu, pamoja na maji yake kidogo yasikauke. Kimoja kinabaki cha siku hiyo, vingine vinaingia kwenye sehemu ya barafu ya friji. Jumanne jioni kazi yangu ni kukaanga kitunguu, nyanya mbili, kijiko cha karanga zilizotwangwa, na kumimina. Dakika ishirini tunakula. Asiye na friji achemshe ya siku mbili tu, ayachemshe upya asubuhi na jioni, na asiyaunge mapema. Aunge yale anayokula saa hiyo. Maharage chukuchuku yanavumilia, yaliyotiwa nyanya au tui yanachacha haraka.

Wali sifanyii hivyo. Wali uliokaa nje usiku kucha, hasa msimu huu wa joto, si wa kumpa mtoto asubuhi hata ukiupasha. Ukibaki, upoe upesi ukiwa umetandazwa, uingie kwenye friji usiku uleule, na kesho upashwe mpaka utoe mvuke. Kama friji hakuna, bora upike pungufu na kuongezea viazi vitamu.

Nyama nasema kwa kifupi: mwambie muuza bucha akukatie vipande vidogo. Nusu kilo ya vipande vidogo pamoja na viazi inatutosha jioni mbili, lakini mapande makubwa yanaisha jioni moja. Kuku wa kienyeji namkata mwenyewe. Mapaja na kidari ni mlo wa kwanza. Mgongo, shingo na mabawa ni supu ya siku ya pili.

Mtauliza, wageni je? Maana hodi ya saa moja jioni haijaisha, na siku ndugu wa Kongwa wakishuka kwenye basi huwezi kuwaambia umepika kwa vikombe. Mimi nategemea mlenda. Wakati wa mvua mama yangu mzazi huko kijijini anachuma, anakausha na kutwanga, ananitumia mfuko. Ule mkavu unakaa kiangazi chote. Nachemsha maji, natia magadi kidogo sana na nyanya, nanyunyiza mlenda huku nikipekecha, kisha karanga na chumvi. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa mlenda vilivyokuwa vya watatu, nikiongeza kijiko kimoja, maji na karanga, vinatosha watu sita na hakuna anayeonja tofauti. Mchicha hauwezi hivyo, ukiuongezea maji unakuwa maji.

Ugali uliokwisha iva usijaribu kuukuza kwa kuongeza unga, utapata madonge yenye unga mbichi ndani. Songa wa pili. Watu wakinawa mikono na kuulizana habari za mashamba, wa pili unaiva.

Sufuria kubwa niliiosha, nikaigeuza juu ya kabati. Mwezi wa kwanza kila nikiitazama nilisikia nyumba kimya. Niliwahi kufikiri kuiuza, nikaacha. Jumamosi hii mpwa wangu wa Nzuguni anakuja na mkewe na mtoto wao wa miezi minne ambaye bado sijambeba, na wanangu wakubwa wawili wapo likizo. Kichanga tukimweka kando tuko saba. Nimeishusha leo asubuhi. Kilo moja na nusu ya maharage imelowekwa, maji naanza na kipimo cha zamani.