Homoni zimevurugika? Taja ipi

Dokta, homoni zangu zimevurugika. Nitumie mchanganyiko gani?

Homoni ipi? Mwilini zimo zaidi ya 50, na hakuna unga mmoja unaozipanga foleni zote. Na kwa mara ya mia: mimi si daktari, ni mtu wa vyakula.

Niliacha sindano ya miezi mitatu. Tangu tarehe niliyotakiwa kuchomwa nyingine imepita miezi 5 na sijaona siku zangu. Kuna dada anauza dawa ya kusafisha kizazi kwa 80,000. Ninunue?

Usinunue. Dawa ya sindano ile hukaa kwenye msuli na kutoka taratibu, ndiyo maana yai huchelewa kupevuka. Kushika mimba huchukua wastani wa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine hufika mwaka na nusu. Bado uko ndani ya muda. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Ukuta wake hubanduka wenyewe kila hedhi. Biashara ya dada huyo naijua: anakupa dozi ndefu, hedhi inarudi kwa wakati wake, sifa inakwenda kwa chupa. Pima mimba kwanza, maana unaweza kuinasa kabla hujaona hata hedhi moja. Mwaka ukikatika bado kimya, nenda kwa daktari wa wanawake.

Ni kweli soya inamwotesha mume wangu matiti?

Kwa kikombe cha uji wa asubuhi, hapana. Mwangalie kitambi: mafuta yale hugeuza homoni za kiume kuwa za kike. Mwangalie na bia.

Nimeachana na vitu vya viwandani, hata chumvi natumia ya mawe tu. Mbona nachoka, nasikia baridi, na shingo inavimba?

Hapa wapenzi wa asili tunajiponza wenyewe. Tezi ya shingo haitengenezi homoni yake bila madini joto, na chumvi ya mawe huwa haijaongezwa. Ile ya rangi ya waridi mnayoinunua kwa bei ya nyama ni hivyo hivyo. Wazee wa nyanda za juu kusini wanalikumbuka rovu, uvimbe huo wa shingo, vizuri. Chumvi ya pakiti ndiyo iliyolipunguza, si majani. Nunua yenye madini joto, ifunike, iweke mbali na jiko, uitie chakula kikikaribia kuiva. Kama mnakula mihogo michungu, iloweke na kuikausha sawasawa, maana sumu yake huinyima tezi madini hayo. Lakini shingo ikishavimba, chumvi peke yake haitoshi. Kapime damu kujua tezi inafanyaje kazi. Ukiwa unameza vidonge vya biotini vya nywele na kucha, mwambie mpimaji, vinaweza kupotosha majibu.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, mara tatu kwa mwezi ina madhara?

Jibu ni lilelile la mwezi uliopita: ni ya dharura, ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Haiui kizazi, ila ratiba ya hedhi utaitafuta. Na haizuii virusi vya UKIMWI.

Nimepimwa, ovari zangu zina vifuko vingi, nina ndevu na kilo 80. Nile nini?

Ahsante kwa kupima kabla ya kuuliza. Kwa wengi wenye hali hii insulini, homoni ya kushusha sukari, huwa juu, nayo huzisukuma ovari kutoa homoni za kiume. Anza na soda, kisha vijiko vitatu vya sukari kwenye chai. Ugali usiufukuze, upunguze, nafasi ijazwe na maharage, dagaa na mchicha. Ukishusha kilo 4 hadi 8 tu, mara nyingi yai hurudi kupevuka. Ndevu huchukua muda mrefu zaidi. Uwatu unasaidia kushusha sukari, lakini usiuchanganye na dawa za sukari bila kumwambia daktari, utaanguka jikoni.

Uso umekuwa wa duara, tumbo limetoka, mikono na miguu imekonda. Ni homoni?

Huenda. Unapaka nini? Mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi ina steroidi kali, ambazo hupenya ngozi na kuilaza tezi iliyo juu ya figo. Usiache ghafla kama umepaka miaka. Beba kopo lenyewe, hata kama halina lebo, umwoneshe daktari wa ngozi.