Muulize Fundi: Bunduki ya shabaha kwa mfuko mdogo

Kamwene wasomaji. Tangu nistaafu ufundi silaha na kujifungia na randa zangu hapa Iringa, sijapata kuona barua za kulenga shabaha nyingi kama za mwezi huu. Nimechagua chache. Ya Tukuyu nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine pia.

Shikamoo Fundi. Nina bunduki ya .22 (tundu la mtutu ni kama inchi 0.22) ya boliti, ile ya kuvuta chuma kwa mkono kila risasi, Brno ya zamani ya Kicheki niliyoachiwa na marehemu baba, na leseni iko kwa jina langu. Nataka iwe bunduki ya kulengea karatasi mita 50, mchezo wangu wa Jumamosi nikitoka kuchuma chai. Shida ni kwamba Julai inapiga vizuri, matundu yanakaa pamoja. Ikifika Februari yanahamia kushoto na kutawanyika. Kitako cha mbao nacho kina ufa shingoni, pale pa kushikia. Jirani anasema nibadilishe mtutu, na hela ya mtutu sina. Nifanye nini? – Mkulima wa chai, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Jirani asikutie hofu. Mtutu ukiwa mbovu, huwa mbovu Julai na Februari pia. Kinachobadilika na majira kwenye bunduki yako ni mbao, na ninyi wa Tukuyu mvua mnaijua kuliko Watanzania wengi. Mbao hunywa unyevu, hutanuka, hujipinda kidogo, na ile sehemu ya mbele inayokaa chini ya mtutu huanza kuusukuma upande mmoja. Risasi inapolipuka mtutu hutetemeka wote. Ukiwa huru, hutetemeka vilevile kila mara na matundu yanakaa pamoja. Ukiguswa mahali, tena leo zaidi kuliko jana, ndipo unapoona hayo ya kushoto.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, pima. Hakikisha bunduki ni tupu, toa boliti, kisha chukua noti ya elfu moja na uipitishe kati ya mtutu na mbao, kuanzia mdomoni ukirudi nyuma. Ikipita bila kukwama mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa, mtutu uko huru. Ikikwama, weka alama ya penseli hapo. Fanya hivi mvua ikiwa imekolea, Julai utadanganyika. Baadhi ya bunduki za zamani zina skrubu ya mbele inayofunga mtutu kwenye mbao. Kama yako inayo, piga ikiwa imekazwa, kisha piga ikiwa imelegezwa, karatasi ikuambie mtutu wako unapenda ipi. Mitutu myembamba mingine hupenda kushikwa kidogo, usibishane nayo.

Sasa ufa wa shingoni. Gundi itakusogeza siku mbili tatu, lakini kwa kuwa unataka bunduki ya shabaha, chonga kitako kipya. Hapa ndipo fedha yako ndogo inafanya kazi kubwa.

Wengi huku kwetu wanakimbilia msindano kwa sababu Mafinga na Sao Hill zimejaa, na bei yake inavumilika. Msindano ni laini, skrubu huzama ndani yake, ukikaza leo kesho umelegea. Mlingoti, yaani mkaratusi, nao hupasuka na kujinyonga ukikauka. Hata nguzo za uzio zinakuonyesha. Mpingo ni mzito mno na utamaliza patasi zako, waachie wachongaji wa vinyago. Wewe tafuta mninga. Sisemi hivyo kwa sababu ya rangi yake, ingawa ni nzuri. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa na kutanuka kidogo sana hewa inapobadilika, na kutanuka huko ndiko ugonjwa wa bunduki yako. Uzito wake ni wa wastani, kilo 600 na ushee kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kitako hakitakuchosha mabega na hakitarukaruka.

Usinunue mninga mbichi. Mafundi wana kipimo cha zamani: unene wa inchi moja, mwaka mmoja wa kukauka kivulini. Kitako kinataka ubao wa inchi mbili kwenda mbili na nusu, sasa piga hesabu mwenyewe. Njia ya mkato ni mbao iliyokwisha kuzeeka. Nenda kwa wanaobomoa nyumba za zamani, ulizia miimo ya milango, miguu ya vitanda vipana, meza za ofisi zilizotupwa. Mwimo wa mlango uliokaa ukutani miaka thelathini umeshajipinda ulivyotaka kujipinda. Angalia nyuzi za mbao: pale shingoni ziende sambamba na shingo, zisikate kwa mshazari, maana hapo ndipo kitako cha kwanza kilipopasuka. Na funika pua unapopiga msasa. Vumbi la mninga linakaba kifua, na wapo maseremala wamepata pumu kwa kulidharau.

Kama huchongi mwenyewe, mpelekee seremala kitako cha zamani awe na mfano, lakini bunduki usimwachie hata kwa saa moja. Leseni ni yako, si yake. Siku ya kujaribisha nenda nayo tupu, simama hapohapo, rudi nayo.

Kitako kikishakaa sawa, inabaki kazi ya gundi, na hii nakuomba usiiruke. Chuma na mbao vikikutana moja kwa moja, vinagusana sehemu mbili tatu tu na chuma kinahamahama kila unapopiga. Dawa ni gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile ngumu inayokauka polepole, uipake kwenye kitanda cha mbao chini ya mwili wa bunduki, kisha ulaze chuma juu yake mpaka igande. Chuma chote kitakachogusa gundi, pamoja na skrubu na matundu yake, kipake kwanza kiwi ya viatu, ipake nzito, ziba na mashimo yote kwa udongo wa kuchezea watoto. Bila kiwi utakuwa umeunganisha bunduki na kitako milele, na utaniandikia barua nyingine. Mtutu wenyewe usiupake gundi. Acha nafasi ya noti mbili chini yake, mpaka mbele.

Mwisho mafuta. Watu wanang'arisha nje wakasahau ndani. Paka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, au vanishi, mpaka ndani ya mfereji wa mtutu na chini ya bamba la nyuma ya kitako, pale nyuzi za mbao zinapoonekana zimekatwa. Unyevu wa Tukuyu unaingilia hapo. Ukishafunga, chora kistari kwenye kila skrubu na kwenye chuma cha pembeni yake, uwe unakaza mpaka vistari vikutane. Spana ya kupima nguvu ni nzuri, kistari cha kalamu ni bure.

Kifyatulio usikiguse kwa tupa. Ukikipunguza kwa kubahatisha, siku utakapogonga kitako chini bunduki italipuka yenyewe.

Shikamoo baba. Nina duka la pembejeo Makambako na nina .22 yenye leseni. Tunalenga mita 50 mahali tuliporuhusiwa na polisi. Upepo wa huku unaujua. Nikaona ninunue risasi za kasi kubwa ili ziupite upepo haraka, lakini matundu yametawanyika kuliko zamani. Nimeuziwa risasi mbovu? – Mama wa duka, Makambako

Marahaba mama. Hujauziwa risasi mbovu. Umeuziwa risasi isiyo ya kazi yako, na wazo lako lilikuwa na akili, ila .22 ina kituko chake.

Risasi ya .22 ya shabaha hutoka kwa mita 320 hadi 330 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Ile ya kasi kubwa hutoka kama mita 380, juu ya sauti. Kichwa cha risasi, kile kinachoruka, ni chepesi, gramu 2.6 tu; kikiwa juu ya kasi ya sauti hewa hukikaba vibaya sana, kinapoteza mwendo wake upesi, na kabla hakijafika mbali kinashuka kupita mpaka wa sauti, mahali ambapo vichwa vingi huyumba. Upepo nao hausukumi kwa kadiri ya muda wa safari tu. Unasukuma kwa kadiri ya muda ambao hewa imekichelewesha kichwa njiani. Ndiyo maana risasi ya haraka inachukuliwa na upepo zaidi ya ile ya polepole. Nimewaona wazee wenye medali wakilikataa jambo hili mpaka wakaoneshwa karatasi.

Rudi kwenye risasi za kawaida za shabaha. Na kwa kuwa asubuhi za Juni kwenu ni baridi, jua kwamba kasi ya sauti hufuata joto: nyuzi 20 ni kama mita 343, nyuzi 5 ni 334. Risasi inayotangazwa kwamba iko "chini kidogo" ya sauti inaweza kujikuta mpakani alfajiri ya Makambako. Chagua iliyo ya polepole zaidi, au subiri jua lipande kidogo.

Upepo wenyewe huwezi kuununulia dawa. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukija ubavuni husogeza kichwa kama sentimita 2 kwa mita 50, na duara la kumi kwenye karatasi ya kimataifa ya umbali huo lina kipenyo cha milimita 10.4. Funga vitambaa vyepesi kwenye vijiti, kimoja karibu nawe, kingine katikati, na usipige mpaka viwe vimelala kama vilivyolala ulipopiga risasi iliyotangulia. Cha karibu nawe ndicho cha kukitazama zaidi, kwa sababu kichwa kikipindishwa mapema kinaendelea kupotea njia nzima. Lenga asubuhi. Mchana wa Agosti Makambako fanya hesabu za duka.

Fundi mambo vipi. Bunduki za kununua ni ghali. Nina bomba zuri la chuma na rafiki ana mashine ya kuchomelea. Nataka kutengeneza ya kwangu ya kulengea shabaha, kama wazee walivyotengeneza magobore. Nianzie wapi? – Kijana, Mafinga

Usianze. Kutengeneza silaha bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na hakimu hatakuuliza ulitaka kulenga karatasi au mtu. Bomba la maji halikuundwa kubeba mlipuko. Nimewafahamu watu wenye vidole pungufu kwa sababu ya bomba. Tena hata shabaha hutaipata. Gobore halina ile mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu inayozungusha kichwa kisipinduke hewani, kwa hiyo likipiga vizuri mita 30 ni siku yake njema.

Kama hamu yako ni kulenga, tengeneza manati ya uma wa mpera na mipira myembamba ya kufanana pande zote, tundika kizibo cha soda mita 10 nyuma kuna kichuguu, uone kama unakigonga. Pumzi, kuachia, kusimama vilevile kila mara: yote utayajifunzia hapo. Leseni itafuata umri na utaratibu.

Fundi, shikamoo. Nimeambiwa darubini ndiyo inayoongeza shabaha. Kwa bunduki yangu napata matundu matatu yanayogusana, kisha siku nyingine yanaachana. Ninunue darubini? – Mwalimu wa hesabu, Mbeya mjini

Marahaba mwalimu. Wewe wa hesabu utanielewa haraka: matundu matatu hayasemi kitu. Kwa bunduki ileile na mpigaji yuleyule, kundi la risasi 10 kwa wastani huwa pana kuliko la risasi 3 kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo yale matatu yanayogusana na yale yanayoachana yanaweza kuwa bunduki moja, isiyo na shida yoyote. Piga makundi kadhaa ya kumi, upime kila moja kutoka katikati ya tundu moja la mbali hadi katikati ya jingine, upate wastani. Hapo ndipo utajua unapambana na nini.

Darubini inakusaidia kuona, haiisaidii bunduki. Fedha ya darubini moja ya maana, mimi ningenunua aina nne au tano tofauti za risasi za shabaha, boksi moja moja, nikapiga kila aina makundi mawili ya kumi juu ya mfuko wa mchanga. Mitutu ya .22 ina uchaguzi, na risasi ya bei ya kati mara nyingi huishinda ya bei ya juu kwenye mtutu fulani. Ukiipata inayokubalika, nunua nyingi zenye namba ileile ya toleo la kiwanda, maana boksi za namba tofauti hazifanani. Na usibabaike ukisikia kuwa hewa nyembamba ya Mbeya inaharibu vipimo. Kwa mwinuko wa mita 1,700 hewa ni pungufu kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam, kichwa kinashuka kidogo zaidi kule pwani, na kwa mita 50 tofauti ni ndogo mno; macho yako hayataiona.

Fundi, nasafisha .22 yangu kila nikimaliza kupiga, kwa kifimbo cha chuma kupitia mdomoni. Mwenzangu anasema namaliza bunduki. – Ludewa

Mwenzako yuko sahihi. Kifimbo cha chuma kinakwangua ukingo wa mdomo, na ukingo ule ndio wa mwisho kukigusa kichwa cha risasi kabla hakijaondoka. Ukilika upande mmoja, kichwa kinatoka kimeegemea. Toa boliti, ingiza kifimbo kutoka nyuma, na kiwe cha shaba au kilichofunikwa plastiki. Risasi za .22 vichwa vyake ni vya madini laini ya risasi, vimepakwa nta, hazichafui mtutu haraka. Safisha pale makundi yanapoanza kupanuka, au bunduki iliponyeshewa, kisha piga risasi chache za kuupaka mtutu nta upya kabla hujahesabu matundu. Huko kwenu karibu na ziwa, futa nje kwa kitambaa chenye mafuta kila ukirudi nyumbani.