Barua kwa mwanangu aliye Lisbon: ule mwaka wa 1640

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tarehe 1 Desemba ulikuta ofisi zimefungwa, ukaambiwa wanakumbuka siku Ureno ilipojitoa mikononi mwa Hispania, mwaka 1640. Ukaniuliza: Mama, Wareno hawa waliotutawala sisi Mombasa, wao nao walitawaliwa lini?

Miaka 60, mwanangu. Mfalme wao kijana, Sebastião, alifia vitani Morocco mwaka 1578 bila kuacha mtoto. Mwaka 1580 Filipe wa Hispania, mwenye damu ya wafalme wa Ureno kwa upande wa mama, akaingiza jeshi na kulitwaa taji. Kwa hiyo Ngomeni hapa kwetu, yaani Fort Jesus, ilipoanza kujengwa 1593, mwenye amri alikuwa mfalme wa Hispania. Wanafunzi wangu walikuwa hawaniamini nikiwaambia hivyo.

Filipe aliwaahidi Wareno kwamba sheria zao na vyeo vyao vitabaki vyao. Zama za mjukuu wake, aliyeitwa Filipe pia, ahadi ile ilikuwa imechakaa. Kodi zilipanda kulipia vita vya Hispania, na maadui wa Hispania wakawageukia Wareno pia: Waholanzi waliiteka Pernambuco, Brazil, mwaka 1630. Watu wa Évora waliinuka kwa ajili ya kodi mwaka 1637, wakazimwa.

Kisha, Juni 1640, Wakatalonia, nao raia wa mfalme huyohuyo, wakaasi na kumuua mwakilishi wa mfalme mjini Barcelona. Olivares, waziri mwenye nguvu kule Madrid, akawaamuru mabwana wa Ureno wachukue silaha wakawapige Wakatalonia. Mimi naona hapo ndipo kamba ilipokatika. Kodi walikuwa wamezivumilia. Kwenda kufa ili jirani abaki kifungoni kama wao, hilo lilikuwa jingine. Tena walijua jeshi la Hispania lina kazi mbali.

Asubuhi ya Jumamosi, 1 Desemba, mabwana wapatao 40 waliingia ikulu iliyokuwa kando ya mto Tejo. Walimsaka Miguel de Vasconcelos, katibu aliyechukiwa kuliko wageni kwa kuwa alikuwa Mreno mwenzao, wakamuua na kumtupa dirishani. Margarida, binamu ya mfalme aliyekuwa akitawala kwa niaba yake, wakamzuia.

Lakini ninayemfikiria sana ni Luisa de Guzmán. Mumewe, João, mtawala wa Bragança, ndiye mabwana wale waliyemtaka awe mfalme; alisitasita akiwa kwake Vila Viçosa, na alikuwa na mengi ya kupoteza. Luisa alikuwa mzaliwa wa Hispania, wa ukoo mkubwa wa Andalusia, na inasimuliwa kuwa ndiye aliyemtia mumewe moyo. Hebu fikiria mwanamke anayechagua nchi ya wanawe dhidi ya nchi ya baba yake! João alivikwa taji tarehe 15 Desemba. Hispania haikukubali hadi 1668, baada ya miaka 28 ya vita. Pita uwanja wa Restauradores uusome ule mnara. Majina ya vita hivyo yamechongwa pale.

Wasikudanganye kwamba ni likizo tu. Serikali iliifuta siku hiyo kwa miaka michache, na 2016 ikairudisha.

Sasa turudi nyumbani. Habari zilisafiri kwa jahazi, kuizunguka Afrika nzima. Kwa hiyo Desemba ile, kengele za Lisbon zilipokuwa zikilia, askari wa Ngomeni walikuwa bado wakilinda kuta kwa jina la Filipe, mfalme ambaye hakuwa wao tena. Na chini ya kuta hizo Mombasa ilikuwa haina hata sultani. Sultani Yusuf bin Hasan aliwaua Wareno wa ngome ile mwaka 1631, mwaka uliofuata akaiacha na kukimbilia baharini, nao wakarudi kutawala peke yao. João alipopata uhuru wake hakutuletea sisi wetu. Wareno walikaa Ngomeni mpaka 1698, Waomani walipowatoa baada ya kuizingira ngome karibu miaka mitatu.

Ukiwa na nafasi, niandikie tena kuhusu huo mnara. Nataka kujua kama jina la Luisa lipo.

Mamako