Milango Isitazamane

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro, kazi yangu ni kushona. Mdogo wangu wa kunifuata naye ni fundi, na tumejenga kwenye kiwanja kimoja alichotuachia marehemu baba. Mwaka jana mumewe alimnunulia cherehani ya umeme ya kudarizi. Tangu siku hiyo sina raha. Mlango wangu wa jikoni unatazamana na mlango wa chumba anachoshonea, nikikaa kumenya vitunguu naona wateja wanaingia kwake mmoja mmoja. Usiku nikifungua simu, stetasi yake imejaa magauni. Nimemwomba aniuzie mashine ile, hata kwa bei ya juu, akakataa. Nikamtuma mama, akakataa. Nikamtuma kaka yetu mkubwa, hivyo hivyo. Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri amri ya kumi, usitamani, nikatoka kanisani nalia. Lakini Mjomba, moyo unaamrishwaje? Kuiba naweza kujizuia. Kutamani kunakuja kwenyewe. Uliwahi kuandika humu kwamba ulimhudumia mzee wa Kiyahudi kule London. Hao ndio waliopewa amri hizo mwanzo. Wao wanasemaje?
Fundi, Morogoro

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliiweka mezani nikatoka kwanza barazani kupunga upepo, maana hali unayoieleza naijua.

Yule mzee nilikaa naye miaka minne, Golders Green, kaskazini mwa London. Alikuwa fundi saa mstaafu, na mikono ile iliyozoea parafujo ndogo kama punje ya ufuta ilikuwa inatetemeka, hawezi tena kufunga kamba za viatu. Siku ya kwanza nilipiga magoti nikamvalisha kiatu cha kushoto. Akaurudisha mguu nyuma, taratibu. Cha kulia kwanza, akasema. Nikavalisha cha kulia, nikashika kamba nianze kufunga. Hapana. Vaa kulia, vaa kushoto, kisha funga kamba ya kushoto, ndipo ufunge ya kulia. Ndivyo sheria yao inavyoelekeza, na yeye hakuwahi kuiruka hata asubuhi za baridi kali.

Katika baraka zake za alfajiri ilikuwamo moja fupi, ya kumshukuru Mungu "aliyenitimizia mahitaji yangu yote". Siku moja akanieleza kwamba Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya wanazuoni wao, inaiweka baraka hiyo kwenye kuvaa viatu. Yaani mtu akishavaa viatu, aseme amepewa yote. Nilikuwa bado niko chini kwenye zulia, nimeshika kisigino chake. Chumba kilikuwa kimoja na jiko, mke amekufa, binti anapiga simu Ijumaa kabla jua halijazama. Yote! Na mimi mwenye miguu mizima, usiku ule ule nilikuwa nimehesabu kwa vidole wenzangu watano wa Tanga walioshajenga nyumbani na mimi sina hata msingi.

Sasa swali lako. Si la leo. Abraham ibn Ezra, mwanazuoni wa Kiyahudi wa Hispania wa karne ya 12, aliandika kwamba wengi wanaistaajabia amri hii: mtu ataachaje kutamani moyoni kitu kizuri ambacho macho yamekiona? Akajibu kwa mfano. Mwanakijiji mwenye akili timamu akimwona binti wa mfalme hamtamani kumuoa, hata awe mzuri kiasi gani, kwa kuwa anajua haiwezekani, kama vile mtu hatamani kuota mabawa aruke. Basi mali ya jirani nayo uione iko mbali vivyo hivyo, kwa kuwa Mungu hakuiweka kwenye fungu lako.

Wengi wanaupenda mfano huo. Mimi, nakwambia kweli, haukuwahi kunitosha. Mdogo wako si binti wa mfalme. Mmenyonya ziwa moja, mmefundishwa kukata kitambaa kwenye meza moja. Wale watano wa Tanga niliowahesabu nao nilisoma nao. Wala sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya tajiri nisiyemjua.

Aliyenisaidia zaidi ni Musa bin Maimuni, anayejulikana pia kama Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204. Yeye alikuwa tabibu na mwanasheria, na analipasua jambo kama anayetafuta ugonjwa. Katika Kiebrania cha Kumbukumbu la Torati 5 kuna vitenzi viwili tofauti, naye anavitenga. Kimoja ni kutaka moyoni, pale unapoanza kuwaza utakipataje kitu cha mwenzio. Cha pili ni kukiendea: kumsihi mwenye kitu, kumrudia, kumtumia marafiki wamlemee, mpaka akiachie. Na anasema aliyefanya hivyo amevunja amri hata kama amelipa fedha nyingi. Hata kama amelipa, mpwa wangu. Anamtaja Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, na ukisoma 1 Wafalme 21 utaona mfalme alianza kwa kusema vizuri tu, nitakupa shamba bora kuliko hilo, au thamani yake kwa fedha. Ilipoishia unajua.

Sikuhukumu. Ila hesabu mwenyewe: ulimwomba, ukamtuma mama, ukamtuma kaka. Kazi ya kwanza, kabla hujaugusa moyo, ni kuwaambia hao wawili leo hii kwamba shauri la mashine limekwisha. Hilo liko mikononi mwako, wala halihitaji moyo uwe umepoa.

Kisha mlango. Hapa ndipo ninapowaheshimu sana wale wazee, kwa sababu hawakumwachia mtu apambane na moyo wake peke yake. Walishika rula wakapima ua. Mishna, ambayo ndiyo kiini cha Talmudi, inasema katika sura ya tatu ya Bava Batra, kitabu chake kimoja, kwamba watu wanaoishi ua mmoja, mtu asitoboe mlango ukaelekea mlango wa mwenzake, wala dirisha likaelekea dirisha. Talmudi inalifunga hilo na Balaamu, yule aliyeletwa kuwalaani Waisraeli. Alipoinua macho akaona milango ya mahema yao haitazamani, na laana ikageuka kinywani: "Mahema yako ni mazuri namna gani, Ee Yakobo." Sababu kubwa ni staha, kila nyumba iwe na siri yake. Lakini katika kitabu hicho hicho imekatazwa pia kusimama katika shamba la mwenzio wakati nafaka imestawi, na Rashi, mfafanuzi wao mashuhuri wa Ufaransa, anasema ni kuogopa jicho baya. Sisi watu wa pwani kwa jicho baya hatuhitaji kuelezwa.

Kwa hiyo tundika pazia zito kwenye mlango wa jikoni. Vitunguu vimenyee upande wa pili wa nyumba. Stetasi za mdogo wako zinyamazishe, simu inaruhusu na yeye hatajua. Stetasi ni dirisha linalotazamana na dirisha, na bahati mbaya hili halifungwi na upepo.

Mdogo wako naye ana sehemu yake, kama anasoma safu hii. Dini hii haimpi mzigo mwenye kijicho peke yake. Talmudi inasema mzazi asimbague mtoto mmoja kati ya ndugu zake, kwa sababu uzito wa sela mbili tu, sarafu za zamani, wa sufu nzuri, ziada ambayo Yakobo alimpa Yusufu, uliwatia ndugu wivu mpaka mambo yakafika mababu wa Wayahudi kushuka Misri. Mwambie mama yenu hilo kwa adabu. Na kuna jingine ambalo wewe fundi utalipenda. Zamani, siku ya 15 ya Av, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, mabinti wa Yerusalemu walitoka kwenda kucheza katika mashamba ya mizabibu, wote wamevaa nguo nyeupe za kuazima. Mwenye kabati limejaa naye aliazima. Binti wa mfalme aliazima kwa binti wa kuhani mkuu, ili asiye na nguo asiaibike. Mzee aliponisimulia hilo nilinyamaza kitambo. Niliona mabinti wale wamejipanga, hujui nani ni wa nani.

Mzee alikuwa na desturi. Jumamosi za baada ya Pasaka ya Kiyahudi, alasiri, alisoma Pirkei Avot, maneno ya wazee, akinitafsiria polepole. Katika sura ya nne mmoja wa wazee hao, Ben Zoma, anauliza, nani tajiri? Anajibu, anayelifurahia fungu lake. Nilidhani ni maneno ya kumliwaza maskini anyamaze. Mzee akaniambia, subiri, tazama aya aliyoileta kuthibitisha. Ni Zaburi ya 128: "Taabu ya mikono yako hakika utaila." Mikono. Ben Zoma hakusema ukae ukunje miguu. Fungu lako ni kazi uliyoishika. Wewe una cherehani, na watu wanakuletea nguo. Sijui ni sare za shule, sijui ni suruali za kupunguza. Hizo ndizo zitazame, na ukizimaliza uzitazame tena kabla hujamkabidhi mwenyewe.

Andika tena baada ya pazia.

Mjomba, mimi nafundisha tuisheni Dodoma. Mwalimu mwingine amefungua darasa mtaa huu huu na wanafunzi wangu wanane wamehamia kwake. Wivu unanila. Nimwendee mjumbe amzuie?
Mwalimu, Dodoma

Mwalimu, usiende. Kesi yako imo katika Bava Batra ile ile niliyoitaja hapo juu. Mwanazuoni Rav Huna alisema mkazi wa kichochoro aliyeweka jiwe la kusaga, akija mwenzake kuweka la kwake jirani, anaweza kumzuia, kwa kuwa anamkatia riziki. Wengine walimpinga. Lakini kwa walimu wa watoto hata yeye alikubali kwamba hakuna wa kumzuia mwingine, kwa sababu wivu wa wasomi huongeza hekima. Huo ndio wivu walioufungulia mlango. Wamesema pia mwalimu mmoja awe na watoto 25. Wakifika 40 atafutiwe msaidizi, na wakifika 50 wawekwe walimu wawili. Wewe umebaki na wangapi?