Kalamu za fedha za Kijapani: usizisugue

Ukipata kalamu ya wino ya fedha iliyotengenezwa Japani miaka ya 1970, mikono itakuwasha uisugue ing'ae. Usithubutu. Zile za kampuni za Pilot na Platinum zenye nakshi ya vimraba au mistari, mara nyingi mifereji ya nakshi ilitiwa weusi makusudi kiwandani ili mchoro usimame. Ukiichovya kwenye dawa ya kusafishia fedha, weusi huo unaondoka wote na unabakiwa na bomba jeupe lisilo na sura. Mimi hupitisha kitambaa laini cha pamba, basi. Kalamu inayoandikiwa kila siku hujing'arisha yenyewe mkononi. Inayolala kabatini ndiyo hugeuka nyeusi, kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, kwa hiyo usiihifadhi karibu na raba wala sufu.

Nyingi utazikuta kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, na unanunua kupitia wakala, mambo tuliyozoea kwenye magari. Dai picha ya ukingo wa kofia, ambako mara nyingi hugongwa STERLING SILVER, yaani fedha asilimia 92.5. Usiridhike na mng'ao. Pilot Myu 701 ya mwaka 1971 inang'aa vizuri sana na ni kalamu nzuri, lakini ni chuma cha pua. Dai pia picha ya ubavuni, mwanga ukipiga kwa mshazari. Fedha ni laini, na kofia iliyobonyea si kazi ya sonara wa mtaani.

Kisha nibu, yaani ncha ya kuandikia. Pilot hugonga alama kama H578: kiwanda cha Hiratsuka, Mei 1978. Hiyo ni tarehe ya nibu tu. Nibu hubadilishwa, mwili unaweza kuwa na umri mwingine. Kuhusu karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu ya nibu, kampuni ya Sailor walitengeneza za 21, na wauzaji huipigia debe. Mimi siilipii zaidi. Ulaini wa nibu unatokana zaidi na umbo na unene wake, na nimeandika na za 14 zilizonifurahisha kuliko hizo. Jua tu kwamba nibu ya F (Fine, yaani nyembamba) ya Kijapani ni nyembamba kuliko ya Ulaya, na kwenye karatasi mbaya hukwaruza.

Wino ndio unaowakwamisha wengi. Kila kampuni ina katriji yake (kibomba cha wino kinachowekwa ndani ya kalamu), ya Parker haiingii. Kalamu fupi za mfukoni zina nafasi finyu: kwa Pilot jaribu CON-40, kifyonza wino cha kujazia kutoka chupani, kwani cha CON-70 ni kirefu mno. Kwa fupi za Platinum na Sailor, mimi huosha katriji iliyokwisha na kuijaza upya kwa bomba la sindano.

Zenye jina la mwenyewe wa zamani lililochongwa huuzwa bei ya chini. Ndizo ninazoanza kuzitafuta.