Mnaniuliza nafuata nini kwenye barafu

Haya wapendwa, voisi zenu nimezisikiliza zote, ya mjomba wa Newala nimeirudia maana kuku walikuwa wanapiga kelele kuliko yeye. Shikamoo mjomba. Kwa kifupi mnataka kujua kwa nini kila picha ninayotuma siku hizi kutoka huku Kanada nimevaa jezi ya kijani nipo uwanjani naangalia watoto wa watu wanateleza kwenye barafu wakicheza hoki, na kama hela ya kiingilio ipo kwa nini nyumba ya Chikongola hapo Mtwara mjini bado haijapauliwa, halafu mjomba anauliza kama yule mjukuu wake mwenye mbio anaweza kutafutiwa timu huku. Nitajibu yote ila sio kwa mpangilio, nimetoka shifti ya usiku hapa chai ndo kwanza naipuliza.

Mkisikia Kanada mnafikiria Toronto, maghorofa na mataa. Mi nipo Prince Albert, jimbo la Saskatchewan, mji wa watu kama 38,000, Mtwara mjini tunawazidi zaidi ya mara tatu. Kwenda mji mkubwa wa karibu, Saskatoon, ni kilomita 140 za mashamba matupu. Desemba jua linachomoza saa tatu na kitu asubuhi na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama, kwa hiyo sisi wa shifti za usiku unaweza kumaliza wiki hujaliona. Baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, siku nyingine 40, gari linalala limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande. Hayo ya baridi mnayajua, kila aliyeko nje anayasema na picha anatuma. Tusilolisema ni kwamba baridi inawafungia watu ndani. Hakuna kibaraza. Hakuna mtu anayepita kukuuliza umeamkaje. Kwetu mtu akikaa siku mbili hajaonekana anatumwa mtoto akachungulie kuna nini, huku jirani tuliyepakana naye ukuta nilijua jina lake kwa sababu barua yake ililetwa kwangu kimakosa. Mwaka wa kwanza nilikuwa naongea na nyie mpaka bando lenu linakata, halafu nakaa naliangalia friji.

Hoki ilinifikia kwa njia ya msiba. Tarehe 6 Aprili 2018 basi la timu ya vijana ya Humboldt Broncos, timu ya mji mdogo wa jimbo hilihili, liligongana na lori wakiwa njiani kwenda kwenye mechi, wakafa watu 16, wengi wao wachezaji wenyewe, vijana wadogo kabisa. Siku zilizofuata nikitoka kazini nakuta nyumba kibao mtaani wameegesha fimbo ya hoki nje ya mlango na taa ya barazani imeachwa inawaka. Sikuelewa, nikauliza kazini, dada mmoja akaanza kunieleza akashindwa kumaliza. Sisi watu wa kusini tunajua basi kutorudi, barabara ya Dar imetuzikia wengi, lakini jimbo zima kusimama vile kwa ajili ya timu ya watoto nilikuwa sijawahi kuona. Ndo nikaanza kuuliza huu mchezo una nini.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, jina lake naliacha. Alikuwa mkulima wa ngano, macho yameshafifia, mechi za Prince Albert Raiders, timu ya hoki ya vijana ya hapa mjini, anazifuata kwa redio. Mi kazi yangu ni kumwogesha, kumbadilisha, kumpa dawa kwa saa yake, na yeye malipo yake ilikuwa kunifundisha hoki kwa nguvu. Alikuwa anapanga biskuti kwenye trei ya chakula, tano hivi kwa upande mmoja na kikombe ndo kipa, kile kidude wanachogombania, paki, anaweka kifuniko cha chupa ya dawa. Anasema tazama, vipindi ni vitatu vya dakika 20, sio viwili, na sabu hawasubiri refa, wanaruka ukuta wanaingia mchezo ukiendelea, maana ile kasi ukikaa uwanjani dakika moja nzima umekwisha. Ukimfanyia mtu madhambi unakaa kwenye kibanda dakika mbili na wenzako wanacheza pungufu, na hapo goli linapatikana kirahisi zaidi. Paki yenyewe ni kipande cha raba ngumu, inawekwa kwenye friza kabla ya mechi ili isidunde. Kila akimaliza somo anakula wachezaji wote na chai.

Halafu ikaja 2019. Raiders walikuwa hawajachukua ubingwa wa ligi yao tangu 1985, na mwaka ule wa 85 walibeba mpaka Memorial Cup ambalo ndo kombe kubwa la timu za vijana Kanada nzima, tena ilikuwa msimu wao wa tatu tu kwenye ligi. Mzee ya 85 alikuwa anaisimulia kama jana. Sasa fainali ya 2019 ni mechi saba, anayeshinda nne ndo bingwa, Raiders na Vancouver Giants, tukaongoza tatu kwa moja, wale jamaa wakarudi wakasawazisha tatu tatu, mechi ya saba ikachezwa hapahapa mjini tarehe 13 Mei. Tiketi hakuna, na mi nilikuwa zamu. Tumekaa sebule ya wazee redio iko juu ya meza, dakika 60 zimeisha mbili mbili, wanaongeza muda na hapo kinachofuata ni goli moja tu mtu anakwenda nyumbani. Muda wa kulala umeshapita zamani, nesi wa zamu anapita anajifanya hatuoni. Dante Hannoun akafunga. Mzee hakupiga kelele, alikuwa anagonga fimbo yake ya kutembelea sakafuni, anagonga, anagonga, na kengele za vyumbani zikaanza kulia moja baada ya nyingine nikajua leo wazee wangu wamezidiwa wote kwa pamoja, nakimbia chumba cha kwanza, bibi ananiuliza nani kafunga. Chumba cha pili hivohivo. Baadae wakaenda Halifax kwenye hilo Memorial Cup wakapigwa mechi zote tatu, mzee akasema haya, sasa tulale.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mi nikaanza kwenda uwanjani mwenyewe.

Uwanja unaitwa Art Hauser Centre, wa zamani, haubebi hata watu 4,000, ukiingia unapokelewa na harufu ya popkoni na jasho la majaketi. Redio haikuwa imeniambia kuhusu sauti. Vile visu vya viatu vikikata barafu, na mtu akibamizwa kwenye kioo mbele yako unasikia kwenye meno. Kulia kwangu anakaa bibi mmoja wa Kikrii, wenyeji wa asili wa huku, anakuja na blanketi lake na wajukuu wawili, kushoto ni mama wa Kifilipino naye wa kazi za wazee kama mimi. Mwezi ule niliobadilishiwa zamu nikapotea, niliporudi bibi alinigombeza kweli kweli, ulikuwa wapi, umeumwa, mbona hukusema. Jamani. Hapo ndo nilipokata tiketi ya msimu mzima. Zile korosho mlizonitumia kwa yule dada aliyekuja masomoni nilizikaanga nikapeleka, zikaisha kabla ya kipindi cha pili, huku wamezoea za kopo zimejaa chumvi.

Sitaki kuwapamba. Kuna siku mtu kaniuliza mlangoni kama nimekuja kufanya usafi. Na kuna ngumi, wanavua glavu wanapigana kweli, refa anasubiri waanguke ndo awaamulie, adhabu yake dakika 5, na watu wazima wenye akili zao wanasimama wanashangilia. Mi hiyo sijaizoea na sitaizoea, nakuwa nawaza mama wa huyu mtoto yuko wapi saa hizi.

Maana ni watoto kweli. Wengi wana miaka 16 mpaka 19, wa miaka 20 kila timu inaruhusiwa watatu tu. Wengi wametoka miji ya mbali, wanakaa kwa familia za hapa mjini zinazowapokea, wanakula mezani na watoto wa nyumba, asubuhi shule, mchana mazoezi, usiku basi. Mechi 68 kwa msimu kabla ya mtoano, na ligi yao inaanzia huku kwenye mashamba ya ngano mpaka baharini British Columbia na kuvuka Marekani, kwa hiyo mtoto anafanyia homuweki kwenye siti. Posho wanayopata ni ya soda. Ila kuna kitu kimoja nawapa heshima, kila msimu anaocheza analipiwa mwaka mmoja wa masomo ya chuo, hata asipofika popote kwenye hoki. Na wengi hawafiki. Kwenye jezi hii amepita Mike Modano aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenda NHL, ligi kubwa ya hoki ya kulipwa ya Marekani na Kanada, mwaka 1988, amepita Leon Draisaitl yule Mjerumani aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2014, lakini kwa kila mmoja wa hivyo kuna kibao saa hizi ni mafundi bomba.

Kinachoniuma zaidi ni mwezi wa kwanza. Kuna tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na timu ikiona mwaka huu ina nafasi ya kombe inatoa haki yake ya kuchagua watoto wa miaka ijayo ili ipate mchezaji mkubwa wa leo. Hii ni kangomba tupu mjomba, korosho bado ua mtini we umeshakula hela yake. Mtoto wa miaka 18 anaitwa ofisini asubuhi, jioni keshapakia mabegi, mama aliyemlisha misimu miwili anabaki na shuka za kufua. Nimeona mmoja anarudi na timu nyingine, mji mzima ukasimama kumpigia makofi, halafu katufunga.

Sasa mjomba, kuhusu mjukuu. Hapana. Sio kwa sababu ya rangi, Jarome Iginla baba yake ni Mnigeria na alibeba Memorial Cup mara mbili na timu ya Kamloops, 1994 na 1995, akaja kuwa bonge la staa. Hata Nairobi hapo kuna timu ya hoki inaitwa Ice Lions. Shida ni kwamba watoto wa huku wanavalishwa vile viatu wana miaka minne mitano, na mzazi analipa kila kitu, viatu, helmeti, pedi za mwili mzima, fimbo zinazovunjika kama vijiti vya meno, muda wa barafu, hoteli za safari. Kuna wazazi ninaofanya nao kazi wanachukua zamu za ziada kwa ajili ya hoki ya mtoto mmoja tu. Kijana wa miaka 14 mwenye mbio za Newala huku anaanza akiwa nyuma miaka kumi. Mpelekeni Ruangwa, watu wa timu ya mpira ya Namungo wakamwone, hapo mbio zake zina kazi.

Kuhusu bati. Nyie mnapiga dola kwa shilingi mnaona milioni, mi napiga dola kwa dola naona kodi ya nyumba, kodi ya serikali inayokatwa kabla sijaiona, bima ya gari, hita, na ada za watu wanne ambao mnawajua. Inayobaki ndo inakuja Chikongola, na inakuja, stakabadhi ninazo. Tiketi ya mechi moja ni mshahara wangu wa saa moja na ushee. Ningeweza kuziacha zote nikaongeza bati, nimeshapiga hesabu, paa lingekamilika mapema kidogo. Lakini mnajua wenzetu wangapi huku wamejenga nyumba nzuri nyumbani na wenyewe wameharibika kichwa ndani ya chumba? Hatuwataji kwa heshima. Mi hiyo hela siiondoi, na naomba mdogo wangu usinitumie tena ile voisi ya kusema nimekuwa mtoto.

Jezi mlizoomba nimezipata mbili tu, bei sio mchezo. Ndiyo ni kijani na njano, na hapana sikuichagua timu kwa sababu hiyo, shemeji na Simba yako utavaa au utaacha. Ijumaa tunacheza na Saskatoon saa moja usiku kwangu, kwenu inakuwa saa kumi alfajiri ya Jumamosi. Mkiamka kwa ajili ya swala msinipigie, sitasikia.