Mshauri Nasaha na Leseni: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Je, mtu yeyote anaweza kukodi chumba hapa Malindi akajiita mshauri nasaha? (Msomaji, Maweni)

La. Tangu mwaka 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili, kuwapa leseni na kuwawajibisha. Kabla ya kumfungulia mtu moyo wako, mwombe leseni yake na uiulize bodi kama jina lake limo katika sajili; anayejua kazi yake hatakasirika. Cheti kilichotundikwa ukutani huonyesha tu kwamba alihudhuria mafunzo, hata kama yalikuwa ya siku chache.

Mtaani kwetu Mkomani wanandoa hupatanishwa na wazee, na wenye huzuni husomewa na shekhe. Hawa nao watatakiwa kuwa na leseni? (Bi. S., Lamu)

Bi. S., swali lako ndilo lililonishughulisha kuliko yote. Naamini hawapaswi kutakiwa. Mzee anayesuluhisha, somo anayemfunda bibi harusi na shekhe anayemsomea mgonjwa wanategemea imani ya watu wanaowajua tangu utotoni, na hawajidai kuwa na utaalamu wa saikolojia. Kinachostahili kudhibitiwa na dola ni cheo cha mshauri nasaha au mwanasaikolojia, pamoja na dai la kutibu maradhi ya akili kwa malipo. Yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa alizopewa hospitalini amevuka mpaka, hata awe na kilemba kikubwa namna gani, kwa sababu kisomo na dawa havigombani.

Wapo wanaoutaja msitu wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wafunge hadi wafe ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, kama sababu ya kumpa leseni kila anayezungumza na nafsi yenye dhiki. Uchungu wao naushiriki, maana msitu huo uko huku kwetu, lakini hoja yao siikubali: madai ya kuwanyima watu chakula hadi wafe ni jambo la polisi na mahakama, na bodi ya washauri isingeweza kulizuia.

Mpwa wangu anayeishi London anasema huko hakuna sheria kama hii, na watu wanatibiwa. Kwa nini sisi tujibane? (Msomaji, Shela)

Mpwa wako amesema kweli kwa sehemu. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilipendekeza kwamba wataalamu wa tiba ya mazungumzo na washauri wasimamiwe kisheria, wengi wao wakapinga wakihofia kwamba mazungumzo ya watu wawili yangepimwa kwa vigezo vya hospitali, na mwaka 2011 serikali ikachagua sajili za hiari zinazokaguliwa na mamlaka maalumu. Baadhi ya vyeo vya wanasaikolojia vinalindwa na sheria tangu 2009, ila cheo cha mshauri hakilindwi, kwa hiyo aliyefukuzwa na chama chake kwa kumdhulumu mteja anaweza kuendelea kupokea wateja chini ya cheo kilekile. Ujerumani na Italia zimechagua njia ya sheria. Hofu ya wapinzani naiheshimu, kwani masharti mazito yanaweza kuwaacha watu wa visiwani bila mshauri hata mmoja. Hata hivyo mteja aliyedhulumiwa anahitaji mahali pa kulalamika penye uwezo wa kumzuia mkosaji, na chama cha hiari hakina uwezo huo.

Mji wetu ni mdogo. Nikimweleza mshauri siri yangu, si itafika barazani? (Msomaji, Langoni)

Haitakiwi kufika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na mshauri anayetoboa siri anaweza kushtakiwa kwa bodi yake. Muulize katika kikao cha kwanza ni lini atalazimika kusema, kwa mfano uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Na kwa kuwa Lamu kumpita mtu bila salamu huzua maswali, afikianeni mapema namna mtakavyoamkuana mkikutana njiani.